MIKOKO ISIWE SHAMBA LA BIBI

Maoni ya gazeti letu la ukutani



Tangu yule mgeni wa boti nyeupe aje na kuondoka, hapa kijijini hakuna habari nyingine. Gengeni ni yeye, pwani kwenye kushona nyavu ni yeye, na hata kwenye msiba wa juzi watu walinong'onezana habari zake dua haijakwisha. Wengi mlimwona. Alishuka na vijana wawili wenye futi ya kamba, wakapima toka mdomo wa kijito mpaka kwenye ile minazi mitatu. Kisha akakaa na baadhi ya viongozi wetu akasema anataka kujenga nyumba za watalii kumi na mbili, juu ya nguzo, humo humo ndani ya mikoko. Akaahidi kazi kwa vijana, rangi kwa shule na taa za jua kwa zahanati. Akaacha karatasi. Karatasi hiyo haijatiwa sahihi, na sisi tunaomba isitiwe mpaka wote tuisome.

Maneno ni mengi na watu wamegawanyika. Wako wanaosema tutie sahihi leo kabla hajaenda kijiji cha pili. Wako wanaosema wageni wote wafukuzwe, maana wataharibu watoto na mila. Gazeti letu haliko upande huu wala ule. Sisi tunasema hivi: wageni waje, lakini waje kuona mikoko, si kulala juu yake. Na njia watakayopita iwe mali ya ushirika wetu.

TULICHO NACHO

Kwanza tujue thamani ya kitu kabla hatujakipangia bei. Delta hii ya Rufiji ina mikoko yapata hekta 53,000. Toka Lamu mpaka Mtwara hakuna kundi moja la mikoko lililo kubwa kama hili. Ndiyo maana mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikwa katika Mkataba wa Ramsar, ambao ni mkataba wa mataifa wa kulinda maeneo yenye majimaji. Watu wa mbali walikwisha kutambua. Sisi tunaoamka nayo kila siku tunaiona kama magugu tu.

Wazee wetu walijua kila mti na mahali pake. Mpia unasimama mbele, unapokea mawimbi. Mkoko una miguu mingi kama kaa, na mbegu yake inaota ikiwa bado juu ya mti, kisha inadondoka kama mkuki na kuchoma tope. Msinzi na mkandaa wako nyuma yake. Mchu unaweza kukaa mbele na nyuma, na mizizi yake inatoka juu ya tope kama vidole, maana mti ule unapumua kwa mizizi. Halafu wako mkomafi, kikandaa, na msikundazi kule maji baridi yanakofika. Ni aina nane hizo, na mtoto wa darasa la tatu wa hapa kwetu siku hizi hajui hata nne.

Chini ya miti hiyo ndiko kamba wadogo wanakokulia. Hili si jambo la kubuni: kamba huzaliwa baharini, mtoto wake huingia kwenye mikoko kujificha na kula, akishakomaa anarudi baharini. Anayekata mikoko anakata kamba wa mwakani. Mkizi, chewa, kaa wa matope, wote wanahesabu mikoko kuwa ni nyumbani. Na upepo mkali ukija, mikoko ndiyo inayopokea kipigo kabla ya nyumba zetu.

TUJISEME WENYEWE

Ni rahisi kumsema mgeni. Lakini tahariri isiyojisema ni porojo. Hebu tujitazame.

Boriti za delta hii zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Arabuni kwa karne nyingi. Wajerumani walipokuja waliifanya mikoko kuwa mali ya serikali yao toka mwaka 1898, si kwa kuipenda, bali kwa kuwa ilikuwa na faida. Kwa miaka yote hiyo aliyesimama kwenye tope na shoka alikuwa babu yetu, na aliyehesabu fedha alikuwa mwingine. Mwaka 1987 Serikali yetu ilipiga marufuku kupeleka boriti za mikoko nje ya nchi. Je, tuliacha kukata? Hatukuacha. Tuliendelea kwa boriti za kuuza mjini, kwa mkaa, kwa kuni za tanuri za chokaa.

Na mpunga. Hapa tunajua tunagusa jipu, lakini lazima liguswe. Mtu anafyeka mikoko, anachoma, anapanda mpunga. Misimu ya kwanza anavuna vizuri mpaka jirani anaona wivu. Halafu magugu yanaingia, kaa wanakata miche, na chumvi inapanda. Baada ya misimu kadhaa anaacha pale, anasogea mbele, anafyeka tena. Alipopaacha hapana mpunga wala mikoko. Hatusemi mwenzetu ni mhalifu. Njaa haina sheria, na nchi kavu tuliyo nayo ni kidogo. Mafuriko ya Aprili 2024 bado tunayakumbuka. Tunasema tu kwamba njia hii inatupeleka mahali ambapo hatuna pa kusogea tena.

Ndiyo maana tunataka njia nyingine ya kupata senti kutoka kwenye mti uliosimama. Utalii ni mojawapo.

WAGENI WANATUPITA

Kila wiki watalii wanafika Nyamisati, wanapanda chombo kwenda Mafia. Miezi ya kaskazi ndiyo wanazidi, wanakwenda kuogelea na papa potwe. Wanapita mbele ya mikoko yetu na kamera zao, wanapiga picha kwa mbali, basi. Senti haishuki hapa. Wengine wanashinda huko juu ya mto katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere wakitazama viboko, na hawajui kwamba mto ule ule unakuja kumalizikia kwetu, na viboko na mamba wake pia.

Tuna nini cha kuwaonyesha? Tuna mengi. Maji yakipwa, tope zima linaanza kutembea kwa kaa. Maji yakijaa, mtumbwi unapita katikati ya miti kama barabarani, na mdiria anakutazama toka tawini. Tuna mama zetu wanaojua kumtoa kaa shimoni kwa kijiti bila kukatwa kidole. Tuna historia pia. Meli ya kivita ya Wajerumani, jina lake Königsberg, ilijificha humu ndani ya delta mwaka 1914, Waingereza wakaitafuta mpaka wakaipiga, ikafia humu humu Julai 1915. Wageni kutoka Ulaya wanapenda sana habari hizo, na baadhi ya wazee wetu walizisikia kwa baba zao. Mzee akikaa kitako kusimulia, na akalipwa kwa kusimulia, kuna ubaya gani?

MAJIRANI WALIVYOFANYA

Hatuendi gizani. Wenzetu wa mwambao huu huu wametangulia.

Kule Gazi, Kwale, nchini Kenya, akina mama wana njia yao ya mbao inayopita juu ya tope kati ya mikoko. Mgeni analipa, anatembezwa, anaelezwa miti, anapikiwa chakula cha pwani. Hakanyagi mzizi hata mmoja. Hapo hapo Gazi na jirani zao wa Makongeni, toka mwaka 2013 wana mradi unaoitwa Mikoko Pamoja. Wanatunza hekta 117 tu, nao wanalipwa na watu wa nje kwa sababu mikoko inafyonza hewa chafu ya viwanda na kuizika kwenye tope. Fedha zimeleta maji na vifaa vya shule. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator. Tufikirie: wao hekta 117, sisi tumekaa kwenye delta ya maelfu, na tunanunua maji kwa dumu.

Huko Mida, karibu na Watamu, kuna njia ya kamba na mbao kwenye mikoko, na ada ya wageni inasaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani. Unguja nako, katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004, wageni wakishatazama kima punju wanavuka kwenda upande wa Pete kutembea juu ya mikoko kwa njia ya mbao, na sehemu ya ada inarudi vijijini.

Katika hayo yote tumeona mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyejenga nyumba ya kulala ndani ya mikoko. Wote walijenga njia ya kupita. La pili, mwananchi anaona fedha imekwenda wapi: bomba hili, kitabu hiki, karo ya mtoto wa fulani. Asiyeona faida kwa macho yake hawezi kulinda mti usiku.

HATARI ZENYEWE

Tusidanganyane kwamba utalii ni sukari tupu. Mgeni anaweza kuua kile kile alichokuja kukitazama. Watu ishirini wakitembea kila siku juu ya vidole vya mchu, mti unakosa pumzi. Boti ya injini ikipita kasi kwenye kijito chembamba, wimbi lake linabomoa kingo na kuangusha miti. Chupa za plastiki mnazijua.

Na hizo nyumba kumi na mbili? Tunauliza maswali ya kawaida kabisa. Nguzo zitasimikwa wapi kama si pale miti ilipong'olewa? Choo kitakwenda wapi maji yakijaa? Na maji ya kuoga? Kiangazi visima vyetu vinageuka chumvi, mama anaamka saa kumi alfajiri kupanga foleni. Nyumba kumi na mbili zenye mabafu zitaoga maji gani? Hayo hatukuyaona kwenye ile karatasi. Tulichoona ni miaka thelathini na mitatu.

Iko hatari nyingine. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea duniani, ndege zilisimama na watalii wakatoweka mara moja. Waliokuwa wameuza nyavu na kuacha mashamba kwa ajili ya hoteli walilia. Kwa hiyo tunasema: utalii uwe kitoweo, usiwe wali wenyewe. Nyavu zetu, minazi yetu, mpunga wa nchi kavu, hivyo ndivyo wali.

Mama mmoja alitwambia neno lililotuchoma. Alisema, "Mnataka mtuletee watu waje kututazama tukichimba kaa kama wanyama wa mbugani?" Hili si swali la kucheka. Jibu letu ni kwamba kila mtu ana haki ya kukataa picha, na kazi ya mama haitageuzwa maonyesho asipotaka mwenyewe. Akitaka kufundisha wageni, alipwe kama mwalimu. Asipotaka, njia ya wageni isipite kwenye makaa yake. Na wageni wenyewe wataambiwa kabla ya kushuka: hapa ni kwa watu, vaeni nguo za heshima.

TUNAPENDEKEZA HIVI

Kwanza, karatasi ya mgeni ipelekwe Mkutano Mkuu wa Kijiji, isomwe yote kwa Kiswahili, kwa sauti. Hii si hisani ya mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Tena mikoko si ardhi ya kijiji hata kidogo. Ni hifadhi ya Serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kiongozi atakayetia sahihi ya kugawa mikoko anagawa kisicho chake. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa bahari au mto ziachwe bila ujenzi wa kudumu wa kuharibu. Hesabuni wenyewe toka mdomo wa kijito, muone kamba ile ilipimwa wapi.

Pili, ushirika wetu uandike barua kwa Wakala wa Misitu kupitia wilayani, uombe makubaliano ya kutunza kipande cha mikoko kwa pamoja. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu wananchi na Serikali kusimamia msitu kwa ubia. Bila karatasi hiyo sisi ni wavamizi tu kama wengine.

Tatu, tukikubaliwa, tujenge njia ya mbao fupi, ya kuanzia. Mbao zitoke kwenye minazi iliyozeeka, na pasikatwe mkoko hata mmoja kujengea njia ya kutazama mikoko. Banda la kupumzikia wageni likae juu, upande wa kijiji, karibu na ghala.

Nne, wageni wasizidi kumi kwa safari moja, na safari iwe moja kwa kila maji kupwa. Maji yakijaa watembezwe kwa mtumbwi wa kasia, si injini. Watembezaji wawe vijana na akina mama wa hapa waliofunzwa majina ya miti na ndege, na kila safari awe mtu mzima anayejua mamba wanapoota jua. Mgeni mmoja akipata ajali, safari zetu zimekwisha.

Tano, fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ushirika huu ulikwisha kuonja hasara hiyo, hatuhitaji kukumbushana. Kila mwezi hesabu ya wageni ibandikwe hapa hapa ukutani: wangapi walikuja, wamelipa nini, zimetumikaje. Tunashauri mafungu matatu: moja la ujira wa waliofanya kazi, moja la kutengeneza njia na kulipa walinzi wa mikoko, moja la kijiji. La kijiji lianze na kisima.

Sita, kufyeka kupya kwa ajili ya mpunga kukome. Waliokwisha lima wasifukuzwe kama mbwa. Wakae na Halmashauri na bwana shamba watafutiwe njia, na wao wawe wa kwanza kupewa kazi ya ulinzi na ya kupanda. Na kupanda kwenyewe kuwe kwa akili. Mara nyingi watu huchukua mbegu za mkoko, kwa kuwa ni rahisi kuokota, wakazichomeka pahala pa mpia au mchu, zikafa zote. Kila mti na mahali pake. Pale maji yanapoleta mbegu yenyewe, kazi yetu ni kuziacha ziote.

KWA VIJANA

Tunajua vijana watasema mambo haya ni ya polepole, mgeni anatoa kazi kesho. Ni kweli, ni ya polepole. Njia ya mbao haitamtajirisha mtu. Mwaka wa kwanza huenda tukapata fedha ya kisima nusu. Lakini tuulizane: katika nyumba zile kumi na mbili mtakuwa nani? Mtafagia, mtabeba mizigo, mtalinda geti usiku. Hizo ni kazi halali, hatuzidharau. Ila siku mwenye nyumba akifunga na kuondoka, mtabaki na nguzo zilizooza kwenye tope lisilo na mti. Njia ya mbao ikiharibika, tunaitengeneza wenyewe, na mikoko bado ipo.

Kwa yule mgeni hatuna chuki. Kama anapenda delta hii kama alivyosema, nafasi ipo. Ajenge nchi kavu, nje ya mita sitini, kwa mkataba tuliousoma, na wageni wake awalete kwenye njia yetu, walipe kwenye daftari letu. Akikataa hilo, basi hakuja kwa ajili ya mikoko.

Mkutano ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa ghala. Akina mama msikae nyuma kwenye kivuli mkanyamaza halafu mkasema nyumbani. Ninyi ndio mnaojua kijito kile kuliko mwanamume yeyote. Wazee njooni na majina ya miti. Vijana njooni na maswali yenu, hata yale ya kutupinga sisi.

Anayejua kusoma amsomee jirani asiyejua. Mwenye maoni mengine ayaandike ampe katibu, tutayabandika hapa yalivyo. Na tafadhali karatasi hii isibanduliwe kufungia karanga kabla ya Jumamosi.

Umoja ni nguvu.